Mwongozo Kamili wa Kutunga Shairi la Matumaini ya Taifa

Mashairi ya taifa yana ugonjwa unaofahamika. Jua linachomoza, amani inatawala, watoto wanacheka, bendera inapepea, na beti la mwisho linamwomba Mola atubariki sote. Msikilizaji anapiga makofi, na akifika mlangoni ameshasahau alichosikia. Sababu si uhaba wa vipaji. Watunzi wengi wanaandika shairi la sifa huku wakidhani wanaandika la matumaini.

Shairi la sifa linasema mambo ni mazuri na yatazidi kuwa mazuri. Shairi la matumaini linakubali kwanza kwamba kuna kitu kimeharibika, kisha linamtaja atakayekitengeneza. Ukikosa la kwanza unasifu. Ukikosa la pili unaota. Hatua zote zinazofuata zinarudi kwenye mambo hayo mawili, kwa hiyo ukisahau mengine, haya yashike.

Hatua ya 1: Tafuta tumaini moja, tena dogo

Usianze na "maendeleo", "umoja" wala "mustakabali mwema". Hayo ni makabati matupu. Kila anayeyafungua anakuta alichokiweka mwenyewe. Anza na jambo moja ambalo likitokea utaliona kwa macho. Mfano: mtoto wa mvuvi na mtoto wa waziri wanakaa dawati moja. Au mgombea anashindwa uchaguzi, anampa mkono aliyeshinda, na anarudi nyumbani kwake salama. Au mwanamke mzee anahukumiwa kwa lugha anayoielewa.

Nitautumia mfano huu wa mwisho hadi mwisho wa mwongozo, kwa sababu umebeba siasa na utamaduni kwa pamoja. Mahakama ni chombo cha dola, lugha ni utamaduni, na mahali vinapokutana pana mtu mmoja amesimama kizimbani. Shairi likipata mahali kama hapo, nusu ya kazi imekwisha.

Andika tumaini lako kwa sentensi moja ya kawaida, bila vina (silabi za mwisho zinazofanana) wala mapambo, kama unavyomwelezea jirani. Kama sentensi haikamiliki bila neno "maendeleo", rudi nyuma.

Hatua ya 2: Taja kilichoharibika

Hapa ndipo watunzi wengi huogopa, na wana haki ya kuogopa. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa maandishi aliyoyatoa kuuliza nchi inaelekea wapi. Akiwa gerezani alitunga mashairi, mengine akayaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakachapishwa kitabuni. Mtu anayeandika katika hali hiyo hana nafasi ya kutaja jua linalochomoza kwa ajili ya kujaza mizani, yaani hesabu ya silabi, tu. Akitaja kesho, anaijua bei yake.

Huhitaji kufungwa ili uandike vizuri. Unahitaji kusema jambo lililo baya kwa usahihi uleule utakaoutumia kwa lile zuri. "Kuna changamoto" si kutaja. Hiyo ni lugha ya ripoti. "Haki haipo" nayo bado iko mbali. Kutaja ni kuonyesha mzee akisema "ndiyo" kwa swali asilolielewa, kisha akitia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Kipimo changu cha hatua hii ni kikali kidogo. Jiulize kama mtawala yeyote angeweza kulighani shairi hili kwenye sherehe yake bila kitu chochote kumkera. Kama angeweza, umeandika tangazo.

Hatua ya 3: Mtafute mtenda

Sasa chukua rasimu yako na kalamu nyekundu. Zungushia duara kila kitenzi cha aina hii: itapatikana, itaimarika, yataboreka, utadumishwa, italindwa. Vitenzi hivi vina ujanja mmoja: vinatokea bila mtu. Haki "itapatikana", lakini nani anaileta? Amani "itadumishwa" na nani? Sarufi yetu inaturahisishia sana kumficha mtenda, na hotuba za siasa zinaishi humo. Mshairi akihamia humo pia, hakuna atakayeuliza swali.

Badilisha kila kimoja ili mtu aonekane. Kisha amua huyo mtu ni nani, kwa maana kila uamuzi unabadilisha shairi zima.

"Tutajenga" ni ahadi. Inapendeza, ila anayeahidi anaweza kukawia miaka hamsini. "Tujenge" ni mwito, na inamtaka msikilizaji anyanyuke. "Tukijenga" inaweka sharti, na hivyo inakubali kwamba tunaweza tusijenge. Ni kauli nyoofu kuliko zote na haitumiki vya kutosha. "Tungejenga" ni majuto, na beti moja la majuto katikati ya shairi la matumaini hulitia uzito. Halafu kuna njia ambayo mimi binafsi naipenda zaidi, nayo ni kuisimulia kesho kwa wakati uliopo, kana kwamba unaitazama dirishani: anakaa, anasoma, wanasikia. Msikilizaji hapewi ahadi, anapewa macho.

Na dua? Wimbo alioutunga Enoch Sontonga mwaka 1897 huko Afrika Kusini ni dua, na tuni yake imo leo katika nyimbo za taifa za Tanzania, Zambia na Afrika Kusini. Dua inafaa kwa wimbo wa taifa, kwani wote wanaweza kuiimba bila kugombana. Shairi lako halina jukumu hilo la kuwaridhisha wote. Ukimwachia Mungu kila kitenzi, binadamu wote waliomo ndani ya shairi wanabaki wamekaa.

Jihadhari pia na "sisi". Ni neno tamu, lakini kila taifa lina watu ambao "sisi" ya mashairi huwa haiwahesabu: wa mpakani, wa lugha ndogo, waliopoteza kura. Amua "sisi" yako ina nani ndani, kisha uwape mahali pa kukaa. Katika mfano wetu, "sisi" ni watu waliokuja kusikiliza kesi wakakaa kimya. Hiyo ni "sisi" yenye mipaka, na ina hatia kidogo.

Hatua ya 4: Chagua umbo

Tarbia, yaani beti la mishororo (mistari) minne yenye vipande viwili vya mizani nane kila kimoja, ndilo umbo linalobeba hoja vizuri kuliko mengine. Utenzi, wenye mishororo mifupi ya kipande kimoja cha mizani nane na kina cha mwisho kinachodumu kutoka beti hadi beti, unafaa kama unataka kusimulia safari ndefu ya taifa. Ukiwa na beti tano tu, usiuchague.

Ngonjera, yaani shairi la majibizano, inastahili tahadhari. Mshairi wa Tanzania Mathias Mnyampala aliikuza kuwa chombo cha kueleza siasa za ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na inafaa sana jukwaani kwa sababu watu wawili wanabishana mbele ya hadhira. Tatizo ni kwamba mbishi mmoja mara nyingi huwekwa pale ashindwe. Anauliza swali jepesi, anajibiwa, anashukuru, wanaimba pamoja. Ukitunga ngonjera ya matumaini, mpe mwenye shaka hoja zako bora kuliko zote. Kama huwezi kumjibu, mwache asijibiwe.

Mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, nayo yana heshima yake. Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipoyatoa miaka ya 1970 palizuka ubishi mkubwa juu ya kama huo ni ushairi au la, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Ushauri wangu: kama msikilizaji wako atalisikia shairi mara moja tu, kwa redio au mkutanoni, mpe vina, maana vina hushikika kichwani. Kama atalisoma peke yake usiku, una uhuru zaidi.

Kuhusu mizani, hesabu kwa vidole na kwa sauti, usihesabu kwa macho. Makosa mengi yanatoka kwenye "m" na "n" zinazosimama peke yake. "Nchi" ni mizani mbili, "mtu" mbili, "mjukuu" nne. Lakini "ndiyo" ni mbili tu, kwa kuwa "n" hapo imeungana na "d". Kaluta Amri Abedi, aliyeandika kanuni za utunzi zilizochapishwa mwaka 1954, alikuja kuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha waziri wa sheria. Siasa na kuhesabu mizani havikuwahi kuwa vitu vya watu tofauti.

Hatua ya 5: Beti moja, mezani

Hili hapa beti la aina inayosikika kila mahali. Nimelitunga makusudi kwa haraka:

*Nchi yetu itang'ara, amani itatawala,*
*Umoja wetu imara, chuki yote italala,*
*Tutajenga kila mara, usiku hatutalala,*
*Tuna nia, tuna dira, neema zake Jalala.*

Mizani imetimia, vina vimetimia. Hakuna la kuonea aibu kwa kanuni. Ila tazama: chuki "italala" na sisi "hatutalala", kwa hiyo kulala ni kuzuri na kubaya ndani ya mishororo miwili, na aliyeamua hivyo ni kina, si mtunzi. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya beti. Na mwisho, Jalali, yaani Mungu Mtukufu, amegeuzwa Jalala ili kina kikae. Washairi wanaruhusiwa kubadili herufi, ndiyo tabdila hiyo, lakini kwa msikilizaji wa leo jalala ni mahali pa kutupia taka. Shairi la taifa limefikia tamati kwenye taka. Mambo kama haya hugunduliwa na mtu wa kiti cha nyuma, na akicheka yeye, ukumbi wote unacheka.

Sasa beti la mfano wetu:

*Bibi yuko kizimbani, hukumu yamshukia,*
*Kwa lugha ya ugenini, asiyopata sikia,*
*Ajibu "ndiyo" ya soni, dole gumba akatia,*
*Tulioko ukumbini, nasi tumenyamazia.*

Angalia kazi zilizofanyika. Hukumu "yamshukia", yaani inamwangukia kama mvua, na hapo nimemficha mtenda kwa kutaka: ndivyo bibi mwenyewe anavyoiona, kitu kinachotoka juu bila uso. Dole gumba ni kitu kinachoonekana. Mtu atakayesahau beti zima atalikumbuka hilo. Na mshororo wa nne unamgeuzia msikilizaji kioo. Mpaka hapo hakuna tumaini hata chembe, na ni sawa. Hili ni beti la kwanza.

Beti za katikati ndizo ngumu, na ndizo zinazorukwa. Watunzi hutoka kwenye giza hadi kwenye mwanga kwa neno "lakini". Katikati lazima mtu afanye jambo: mmoja ukumbini anyanyue mkono aombe mkalimani, mwalimu afundishe sheria kwa lugha ya wanafunzi wake, binti wa yule bibi aanze kusomea uwakili huku akicheka na kulia. Beti mbili au tatu zinatosha. Usiweke zaidi ya tendo moja kwa beti, na usimsahau anayepinga, kwani kila badiliko lina mtu linayempunguzia kitu.

Kisha beti la mwisho:

*Mjukuu yu kitini, kesi anaipitia,*
*Kwa lugha ya utotoni, bibi aliyomwimbia,*
*Na aliye kizimbani, kila neno asikia,*
*Tulioko ukumbini, hatutainyamazia.*

Karibu kila kitu kilichokuwa kwenye beti la kwanza kimerudi kikiwa kimebadilika mahali. Lugha iliyokuwa ya ugenini sasa ni ya utotoni, na imefika kitini kwa hakimu kupitia nyimbo za kubembeleza, si kwa amri ya serikali peke yake. Huo ndio upande wa utamaduni, na haukuhitaji neno "utamaduni" popote. Vitenzi vya kesi yenyewe viko wakati uliopo, "anaipitia", "asikia", isipokuwa cha mwisho, ambacho ni ahadi.

Mshororo huo wa mwisho ningependa ukae nao kidogo. Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema mjukuu amekuja, mambo yamekwisha. Mashairi mengi ya uhuru yalimalizia hapo: ameondoka mgeni, ameingia wetu, tusherehekee. Hapa ukumbi unasema hata hakimu akiwa mjukuu wetu hatutainyamazia kesi yake. Tumaini la kisiasa likimalizikia kwa mtu fulani kukaa kitini, litadumu kadiri mtu huyo atakavyodumu kuwa mwema. Likimalizikia kwa walioko ukumbini, lina watu wengi wa kulibeba.

Kwa wanaopenda majina ya kitaalamu, vina vimebaki "ni" na "ia" katika beti zote mbili, hivyo huo ni mtiririko. Kipande cha kwanza cha mshororo wa nne kinarudi, cha pili kinageuka. Mimi huona mgeuko huo mdogo unafanya kazi kuliko kibwagizo (mshororo wa mwisho unaorudiwa kila beti) kisichobadilika, kwani msikilizaji anakuwa ameshajiandaa kuitikia kisha anakuta neno jipya mdomoni.

Hatua ya 6: Utamaduni usiwe makumbusho

Ukitaka kuandika juu ya kesho ya utamaduni, usiorodheshe ngoma, mavazi na vyakula. Orodha ya aina hiyo ni ya kuwaonyesha watalii. Utamaduni wenye kesho ni ule unaofanya kazi mahali papya: lugha ya nyimbo za kulaza watoto ikitumika kuandika hukumu, desturi ya kupatana ikitumika kugawa maji ya mto mmoja kati ya wakulima na wafugaji, methali ikibishiwa na kijana na mzee akikubali kushindwa. Tena usione haya kutaja desturi ambayo ungependa ife. Shairi linalotaka kila cha jana kifike kesho halijaitazama jana kwa makini.

Hatua ya 7: Fumbo, kama unalihitaji

Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliandika juu ya ugomvi wa mji wake na watawala wa Busaidi, ukoo wa masultani wa Omani, kwa mafumbo ambayo wenyeji waliyafungua papo hapo. Fumbo zuri liko hivyo: linafunguka kwa anayelengwa na kumchelewesha asiyelengwa. Fumbo lisilofunguliwa na mtu yeyote ni woga uliovaa joho.

Chagua picha moja na uifuate hadi mwisho. Kama nchi ni nyumba, basi paa, mlango, mpangaji na funguo vyote viwe na maana. Usigeuke beti la tatu ukasema nchi ni jahazi. Na jahazi lenyewe lipumzike. Limebeba mataifa mengi mno, sawa na mbegu, daraja, mwenge na alfajiri. Ukiyakuta kwenye rasimu yako, yafute kwanza uone kama kuna kitu kinabaki.

Kama sheria za mahali ulipo ni kali, fikiri pia nani atalisoma shairi kwa sauti. Wakati mwingine anayeingia matatani si mtunzi bali mghani. Mweleze maana ya fumbo kabla hajapanda jukwaani, aamue mwenyewe.

Hatua ya 8: Lighani, likate, litoe

Lighani kwa sauti ya juu, ukiwa umesimama. Mahali ulimi unapojikwaa pana mizani iliyozidi au neno la kamusi lililoletwa na kina. Kisha mpe mtu mwingine alisome bila maelezo yako. Usimuulize kama amelipenda, maana atasema ndiyo. Muulize ni nani anafanya nini ndani ya shairi. Akijibu "linahusu amani", rudi hatua ya tatu. Akijibu "kuna bibi mahakamani", endelea.

Kata. Beti saba zinatosha kwa jukwaa, na mara nyingi beti la kwanza uliloandika lilikuwa la kupasha koo moto tu, lijaribu kuliondoa. Kichwa cha shairi kiwe kitu kilichomo ndani yake, kama "Dole Gumba", kisiwe "Taifa Langu Mbele Daima".

Mwisho, andika tarehe kamili chini ya jina lako, siku, mwezi na mwaka, kabla ya kulipeleka gazetini, redioni au mtandaoni. Shairi la matumaini lina madai juu ya wakati, na mhariri akiitoa tarehe ili kuokoa nafasi, mwombe airudishe. Atakayelisoma baada ya miaka ishirini ana haki ya kupiga hesabu.